Mtoto wa Kulea na Haki ya Aliyemzaa

Hotuba ya Kamati ya Watoto, iliyosomwa Malava katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Hesabu ya sare, madaftari na karo ambayo Kamati yetu ilitoa mwaka huu imepigwa chapa katika kurasa za Mweka Hazina, na kila mwanachama aweza kuisoma kwa nafasi yake. Hatutairudia. Tumeona afadhali wakati tuliopewa tuutumie kwa shauri moja tu, lililotukesha kuliko mengine yote. Shauri lenyewe ni hili: mtoto akiisha kulelewa na watu wasiomzaa, ni lini, na kwa sababu gani, haki ya mzazi wake yapasa kukatwa isirudi tena?

Tumesema kukatwa, wala hatukusema kupunguzwa. Kumpunguzia mzazi haki ni jambo ambalo kila ukoo hulifanya bila hata kulitaja. Baba mlevi hunyang'anywa mtoto na ndugu zake, akapewa siku akipata fahamu. Kukata ni jambo jingine. Aliyekatwa hana tena neno juu ya jina la mtoto, wala shule yake, wala tohara yake, wala ndoa yake, na mtoto naye hana tena dai katika boma lile.

Wako wazee waliotuambia kwamba swali hili ni geni katika Kabras. Walisema: mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na ng'ombe wa mahari ndio mashahidi, aliyezaliwa kabla ng'ombe hawajatoka hukaa kwa babu yake mzaa mama mpaka shauri litengenezwe. Mtu aweza kulelewa na shangazi, au na mjomba, au na jirani mwema, kwa muda wa miaka kumi na mitano, na bado siku ya kutahiriwa ataulizwa yeye ni wa mlango gani, wala jibu halitakuwa jina la aliyemlisha. Kwa mawazo hayo haki ya uzazi haifi. Hulala, na mwenyewe akija huiamsha.

Desturi hiyo twaiheshimu, kwa maana ndiyo iliyowazuia watoto wasiwe wa barabarani. Lakini yafaa tukumbuke ilifanya kazi katika nchi ya namna gani. Mlezi na mzazi walikaa mwendo wa saa moja kwa miguu. Walikutana sokoni na matangani. Aliyenyamaza alijulikana kwamba amenyamaza, na sababu yake ilijulikana. Siku hizi mzazi aweza kuwa Mombasa, au Uarabuni, au gerezani, au hata kaburini pasipo mtu wa kwao kuarifiwa. Ugonjwa wa UKIMWI, katika miaka ya 1990 na ile iliyofuata, uliwaondoa akina baba na akina mama wengi hata ulezi ukawaangukia mabibi vizee wasio na nguvu za kushika jembe. Mashamba nayo yamegawanywa yakagawanywa tena, na sehemu kubwa imepandwa miwa. Mtu apokeaye mtoto leo apokea pamoja naye shauri la ardhi, shauri la karo na shauri la cheti cha kuzaliwa. Ndiyo sababu mambo ambayo zamani yaliamuliwa chini ya mti sasa yafika mbele ya hakimu.

Basi tuiseme sheria kwa ufupi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2002, imefutwa, na mahali pake ipo Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyoanza tarehe 26 Julai mwaka huo. Juu yake imesimama Katiba ya 2010. Kifungu cha 53 cha Katiba chasema kwamba kila mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wake, na kwamba baba na mama wana jukumu lililo sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Kisha chasema kwamba katika kila jambo limhusulo mtoto, manufaa yake ndiyo yatangulie. Tumeona kwamba watu hupenda kushika nusu moja ya kifungu hicho na kuiacha nyingine. Mzazi hushika ile ya kwanza, mlezi hushika ile ya pili, na wote wawili huja kwetu wakisema Katiba iko upande wao.

Angalieni pia lile neno jukumu. Wenye kutunga sheria hawakumwandika mzazi kama mwenye mali. Walimwandika kama mwenye kazi.

Namna za malezi ni nyingi. Ipo ile ya jamaa kumlea mtoto wa jamaa, ambayo ndiyo iliyoenea kuliko zote wala haina karatasi. Upo ulinzi, yaani mtu kuwekwa kwa wosia au na mahakama ashike mahali pa mzazi aliyekufa. Upo ulezi unaopitia kwa afisa wa watoto na mahakama, mtoto akawekwa katika nyumba ya watu waliochunguzwa, kwa muda. Vitabu vya serikali huuita huo malezi ya kambo. Jina hilo hatulipendi sana, kwa kuwa masikio ya watu wetu husikia ndani yake mama wa kambo na ngano zake zote; sisi katika Kamati twasema ulezi wa kupewa. Na mwisho kuna kuasili.

Katika hizo zote, ni kuasili peke yake kunakokata kabisa. Chini ya ulezi wa kupewa, mzazi husimamishwa kando, lakini aweza kurudi mbele ya mahakama akasema, mambo yangu yametengenea, nirudishieni. Amri ya kuasili ikiisha kutolewa na Mahakama Kuu, mtoto huhesabiwa kwamba amezaliwa na wale waliomwasili, na wale waliomzaa huwa kama watu baki mbele ya sheria. Ndiyo maana njia yake ni ndefu, na hatupendi kumsikia mtu akilalamika kwamba ni ndefu. Shirika lililosajiliwa kwa kazi hiyo sharti litangaze kwamba mtoto yu huru kuasiliwa. Wenye kutaka kumwasili sharti wawe wamekaa naye miezi mitatu mfululizo. Mahakama huweka mtu wa kumsimamia mtoto katika shauri, achunguze nyumba na kuleta taarifa. Wazazi sharti waridhie. Na kama hawaridhii, mahakama yaweza kuipita ridhaa yao ikithibitika kwamba walimtupa mtoto, au walimtesa, au waliacha kumtunza kwa ukaidi usiokoma.

Hapo ndipo penye mgogoro, na hapo ndipo twataka wazee watusikilize. Tutawaeleza habari za watoto watatu. Hatutaji kijiji wala mlango, na wale wawajuao twawaomba wasiwataje.

Wa kwanza ni mvulana. Mama yake alikuwa akifanya kibarua cha kupalilia miwa. Mtoto alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi miwili, alimwacha kwa jirani, mke wa mwanachama wetu mmoja, akaenda Nairobi kutafuta kazi za nyumbani. Kwa muda wa miezi minane alituma fedha kwa simu, kidogo kidogo. Kisha kukawa kimya. Miezi ikawa mwaka, mwaka ukawa miaka mitano. Bibi mzaa mama alikuwa amekwisha kufa, na baba hakuwa amejitokeza tangu mwanzo. Walezi wakafanya kama ipasavyo: walikwenda kwa chifu, chifu akawapeleka kwa afisa wa watoto, na mahakama ikamweka mtoto mikononi mwao kwa ulezi. Akaanza shule. Akawaita baba na mama, kwa kuwa hakuwa na wengine wa kuwaita.

Walipotaka kumwasili, kijiji kizima kilisema ni haki yao, maana yule mwanamke alimtupa mtoto. Kwa mwenye kusoma sheria pia ilionekana hivyo. Sheria ya 2001 iliiruhusu mahakama ichukulie kwamba mtoto ametupwa ikiwa anayemtunza hakumwona mzazi wala hakusikia habari zake kwa muda wa miezi sita. Na hapa ilikuwa miaka mitano. Karatasi zilikuwa zimeanza kuandikwa.

Ndipo yule mama alipotokea. Ilikuwa mwaka 2022. Alishuka kwenye matatu akiwa na mfuko mmoja, mwembamba hata waliomjua walisita kumwamkia. Alikuwa amepelekwa Uarabuni kufanya kazi ya nyumbani. Tajiri wake alimnyang'anya pasi na simu. Muda wa mkataba ulipokwisha hakuachiliwa. Na aliporudi Nairobi alilazwa hospitalini kabla ya kupata nauli ya kumfikisha Kabras. Alituonyesha karatasi alizokuwa nazo. Tuliziangalia moja moja, tukaridhika kwamba asema kweli.

Tulikaa siku mbili. Siku ya kwanza mzee mmoja alisema, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Mama mmoja akamjibu, "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea." Wote wawili walipigiwa makofi, na hatukusonga mbele hata hatua moja. Siku ya pili tukaacha methali, tukawauliza watu. Mlezi wa kike alisema kwamba usiku ule mama alipokuja hakulala, akaenda mara nne kumwangalia mtoto kitandani kama yupo. Mama mzazi alisema kwamba hakuja kumnyakua mtoto. Alikuja kumwona, na asingependa aandikwe popote kwamba alimtupa. Mtoto mwenyewe alipoulizwa alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama akienda, ndama wake atabaki na nani.

Maoni ya Kamati yalikuwa haya, nasi twayasimamia: kwamba haki ya mama huyu isikatwe, na kwamba mtoto asing'olewe. Walezi walikubali kuliondoa ombi la kuasili. Mama alipanga chumba karibu na soko la Malava akaanza kumzuru mtoto kila Jumapili, mara ya kwanza mbele ya mlezi, baadaye peke yake. Mahakama iliendeleza ulezi na kuandika ziara hizo katika amri yake. Mtoto sasa hulala kwa mama yake siku za likizo. Hatusemi kwamba shauri limekwisha. Walezi na mama hawajapatana bado juu ya shule, na pengine hawatapatana. Lakini laiti matatu ile ingalichelewa mwaka mmoja, mama huyu angalikuta mlango umefungwa kwa amri ya Mahakama Kuu, naye hakutenda kosa lolote ila kuwa mtumwa wa mtu. Kwa hiyo twasema kwamba kimya peke yake hakitoshi kumfuta mzazi, mpaka iwe imeulizwa kwa bidii ni kwa nini amenyamaza.

Mtoto wa pili ni msichana wa miaka kumi na mitatu, na habari yake ni kinyume cha ile. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka mitatu. Baba yake yu hai, ni mzima wa mwili, ana bucha sokoni, na mahari alitoa. Alikataa kumchukua mtoto. Mwalimu mstaafu na mkewe, wasio na udugu naye, wakampokea kupitia kwa afisa wa watoto. Muda wa miaka kumi msichana huyu amepita mbele ya bucha ile akiwa amevaa sare aliyonunuliwa na watu wengine. Baba hakulipa karo. Alipolazwa kwa malaria kali hakuja. Aliitwa na chifu mara mbili. Mara ya pili alisema ana watoto wengine wa kuwaangalia.

Sasa yule mwalimu na mkewe wamezeeka, wanataka kumwasili ili awe na jina na mahali pasipo shaka. Baba amekataa kuridhia. Na wazee wa ukoo wake wamemwunga mkono, wakasema ng'ombe walitolewa.

Tuliwaomba wazee hao watuambie, wanamtakia nini mtoto huyu? Walizunguka sana. Mwishowe mmoja wao, ambaye twamshukuru kwa ukweli wake, alisema, "Akiolewa, mahari itakwenda kwa nani?"

Wazee wetu, twasema kwa heshima lakini bila kuficha: ng'ombe wale walitolewa kwa ajili ya mama yake. Havikuwa vibali vya kumwacha mtoto wake miaka kumi na kumkumbuka siku ya kuposwa. Hapa hatuoni maradhi, wala umaskini uliomzidi mtu nguvu, wala kifungo, wala bahari iliyotenga. Twaona mtu aliye karibu, awezaye, asiyetaka. Kwake yeye haki ikatwe, na Kamati imeahidi kwenda Mahakama Kuu mjini Kakamega kutoa ushahidi ikiitwa. Ukoo wake haukushitakiwa na mtu. Lakini ukiendelea kumkinga utakuwa umeuchukua mzigo wa mtu mmoja ukaufanya kuwa wa wote.

Habari ya wa tatu ni fupi. Alikuwa mtoto mchanga, aliyeokotwa alfajiri kando ya shamba la miwa, amefungwa leso. Polisi waliandika katika kitabu chao cha matukio, wakatangaza, wakatafuta. Baada ya miezi sita wakaandika barua ya pili kwamba hawakumpata mzazi wala jamaa. Aliasiliwa na watu wenye moyo mwema, na hatuna la kuongeza ila kwamba kila aliyemwokota mtoto asimfiche nyumbani hata kwa siku mbili kwa kuona huruma. Mtoto asiyeandikwa polisi siku ile hukosa ushahidi baadaye, na huruma hiyo humfunga miaka.

Wanachama wetu walio ng'ambo wametuandikia wakitaka tuseme pia juu ya nchi za huko, kwa sababu wengine wao wamepata kuona watoto wa Waafrika wakichukuliwa na serikali. Tutasema mawili tu tuliyoyahakikisha.

Katika Marekani, sheria iliyotiwa sahihi na Rais Clinton tarehe 19 Novemba 1997 iliagiza kwamba mtoto akiwa amekaa malezini miezi 15 katika miezi 22 ya mwisho, jimbo lifungue shauri la kukata haki za wazazi. Huko kukata ni amri ya peke yake, hutolewa hata kabla hajapatikana mtu wa kumwasili mtoto. Waliotunga walikuwa na sababu njema: watoto walikuwa wakitupwa kutoka nyumba hii hadi nyumba ile mpaka wanakuwa watu wazima. Waliacha pia milango ya kupita, yaani ikiwa mtoto yu kwa jamaa yake, au ikiwa serikali haikuipa familia msaada uliopasa, au ikiwa ipo sababu nyingine kubwa iliyoandikwa. Na tangu 1982 Mahakama yao ya Juu Kabisa ilikwisha kuamua kwamba mzazi hakatwi ila kwa ushahidi ulio wazi na wa kusadikisha. Hata hivyo saa ile ya miezi 15 hupiga vilevile kwa mama mvivu na kwa mama aliye kifungoni. Tukimpima yule mama wa mvulana wetu kwa kipimo hicho, angalikuwa amekatwa zamani.

Habari ya pili ni ya Norway, nayo imeanzia karibu nasi. Msichana wa Kisomali alijifungua mwana hapa Kenya mwaka 2009, naye mwenyewe hajafika umri wa utu uzima. Mwaka uliofuata alifika Norway kama mkimbizi. Katika mwaka uo huo serikali ikamchukua mtoto, kisha ikamweka kwa nyumba ya Kikristo, hali mama ni Mwislamu aliyekuwa ameomba mtoto awekwe kwa jamaa zake, au kwa Wasomali, au kwa Waislamu. Aliruhusiwa kumwona saa chache tu kwa mwaka. Miaka ikapita, mtoto akazoea nyumba ile, na mahakama ya huko mwaka 2015 ikaruhusu walezi wamwasili. Yule mama hakudai arudishiwe mtoto. Alikuwa na busara ya kuona kwamba mtoto amekwisha kushika mizizi. Aliomba tu asikatwe, ili mtoto aijue asili yake na dini yake. Shauri lilifika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na tarehe 10 Desemba 2021 baraza lake kuu likaamua kwamba Norway ilivunja haki ya mama ya kuheshimiwa maisha ya jamaa yake. Kosa halikuwa kumlea mtoto vizuri. Kosa lilikuwa kwamba walimpa mama nafasi ndogo mno ya kumwona, na baadaye walioamua hawakuyapa uzito wa kutosha manufaa ambayo mama na mtoto walikuwa nayo katika kushikamana.

Twaitaja habari hiyo kwa sababu twaona hatari hiyo hiyo hapa kwetu, isipokuwa sisi hatuitendi kwa amri ya serikali. Mlezi huhamisha mtoto shule bila kumwambia mama. Hubadilisha namba ya simu. Humwambia mtoto kwamba mama yake alikufa. Miaka mitatu baadaye husema mbele ya wazee, "Mnaona, hamjui." Tabia hiyo Kamati haitaiunga mkono kabisa, hata kama mlezi ametumia fedha nyingi kiasi gani.

Tuseme neno juu ya urithi, kwa kuwa ndilo linalowatia watu hofu. Mtoto aliyeasiliwa hurithi sawasawa na waliozaliwa katika nyumba ile. Mtoto wa ulezi tu hana fungu kwa haki ya kuzaliwa. Lakini Sheria ya Urithi, Sura ya 160, yamtambua mtoto ambaye marehemu alimchukua katika jamaa yake kama wake na alikuwa akimtunza mpaka kufa kwake, naye aweza kuiomba mahakama apewe riziki katika mali. Basi mwenye kulea asidhani kwamba kwa kuikwepa mahakama amelikinga shamba lake. Amewaachia watoto wake kesi.

Tena kuna jambo ambalo sheria hailitazami, na wazee wametukumbusha vema. Sisi hatuoani ndani ya ukoo mmoja, wala hatuoi katika ukoo wa mama. Amri ya kuasili hukata haki, lakini haiwezi kumbadilisha mtu damu. Msichana aliyeasiliwa Butali akiwa mchanga aweza kukutana na kijana wa Shivanga, wakapendana, wala asiwepo mtu wa kuwaambia kwamba baba zao ni ndugu. Hofu hiyo si ya kijinga, na wengi wameifanya kuwa sababu ya kukataa kuasili kabisa. Sisi twaona si sababu ya kukataa. Ni sababu ya kuandika.

Mambo haya yatazidi kuwafikia. Serikali imeweka mpango wa miaka kumi, kuanzia 2022 hadi 2032, wa kuwatoa watoto katika makao ya watoto na kuwarudisha katika familia. Mpango ni mwema, maana wengi wa watoto wanaokaa katika makao hayo wana mzazi au jamaa aliye hai. Lakini watarudi wapi? Watarudi Kabras na kwingineko kama Kabras, na wale ambao jamaa zao hawataonekana watahitaji walezi. Wanachama watakaojitolea tutawapeleka kwa afisa wa watoto wachunguzwe kama wengine, wala mtu asidhani kwamba kuwa mwanachama wa siku nyingi kutamwepusha na uchunguzi.

Kwa hivyo Kamati yaomba Mkutano huu ukubali mambo yafuatayo. Kila mwanachama anayelea mtoto asiye wake aje amwandikishe kwetu kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu, aseme mtoto alimjiaje, na mzazi alionekana mara ya mwisho lini na wapi. Mzazi akiwa hajulikani aliko, tutamtafuta sisi kwa mwaka mzima, kwa matawi yetu ya Nairobi, Mombasa na Eldoret, kwa redio, na kwa jamaa walio Uarabuni, kabla ya kumsaidia yeyote kuomba kuasili. Mzazi akiwa anajulikana, tutamwita mara tatu kwa barua, na barua hizo zitahifadhiwa, kwa sababu mahakama haitosheki na maneno ya "tulimwambia." Nauli ya walezi na ya wazazi kwenda Kakamega siku ya shauri italipwa na Chama, ya wote wawili kwa kiasi kimoja.

Daftari la watoto limekwisha kununuliwa. Katika kila ukurasa iko nafasi ya ukoo wa baba na ukoo wa mama, na kama haujulikani, nafasi hiyo itaachwa wazi mpaka ujulikane. Litakaa katika sanduku la chuma kwa Katibu. Funguo ni mbili, moja kwa Katibu na moja kwa mama mwenyekiti wa Kamati, na sanduku halifunguki ila kwa funguo zote mbili. Atakayeruhusiwa kusoma ukurasa wake ni mtoto mwenyewe akitimiza miaka 18, au wazee wawili waliotumwa na jamaa za wachumba kuuliza swali moja tu, ambalo jibu lake ni ndiyo au siyo.